Namba Iliyoitwa Depo

Vijana wa ofisi ya mitambo, siku mliyoniaga mlinitaka nisimulie kidogo, nami nikawaambia koo limenikauka. Halikuwa koo. Kuna mambo siwezi kuyasema nikiwa nimesimama na chupa ya soda mkononi. Sasa nina meza yangu nyumbani na hakuna simu ya kunikatiza, basi nayaandika. Kuhusu vyeo na mishahara msitarajie chochote. Vyeo vilinifikia kwa kuchelewa kama treni yetu ya Kamina, na kama ilivyo treni yenyewe, vilipofika nilikuwa nimeshazoea kwenda kwa miguu.

Niliingia kazini nikiwa msichana, kabla kompyuta hata moja haijafika katika shirika letu la misaada. Tulikuwa na chumba cha fonii, ile redio ya kuzungumza na vituo vya mbali: Kaniama, Malemba-Nkulu, Kabondo-Dianda. Mkuu wa chumba aliitwa Papa Numbi, mtu mwembamba aliyevaa koti hata katika joto la Oktoba. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha kitufe hata kimoja. Alinipa kitambaa nifute vumbi jekundu juu ya mashine, kisha akanionyesha kiti na kuniambia nisikilize. Nilisikiliza juma zima. Nilidhani amenisahau.

Kisha sauti ikaita, ikisema ni Kabondo-Dianda na kwamba wanahitaji lori la mbegu upesi. Niliandika mbio mbio, nikasimama nimpelekee mkurugenzi. Papa Numbi alinirudisha kitini. Alingoja mpaka saa ya kuzungumza na kituo kile ilipofika, akakiita yeye mwenyewe, na aliyejibu alikuwa mtu mwingine kabisa ambaye hakuwa ameomba mbegu wala lori.

"Ile jina ni yeye mwenyewe alikupa," Papa Numbi aliniambia. "Sasa weye umwite kwa ile jina, uone kama ni yeye njo anaitika."

Nilifanya kazi naye miaka mingi, na sikumbuki akinifundisha kitu kingine kwa maneno mengi kama hayo.

Baadaye zilikuja kompyuta, na sahani ya setilaiti ikapandishwa juu ya paa. Papa Numbi alikuwa karibu kustaafu, lakini alijifunza pamoja nami. Tulibana vichwa vya kebo kwa koleo moja ambalo liliuma vidole kuliko lilivyouma nyaya. Mvua ya kwanza ya radi iliunguza nusu ya vifaa, tukajifunza pia habari ya waya wa kwenda ardhini, somo ambalo muuzaji alikuwa amelisahau. Papa Numbi alistaafu, na baada ya muda tukamzika. Hakuyaona haya nitakayoyasimulia.

Ninyi wengi mmeikuta mitandao ikiwa tayari, kwa hiyo niseme jambo moja polepole. Kila mashine ina namba yake. Watu hawakumbuki namba, basi iko seva inayotunza majina: ukiitajia jina, inakupa namba. Kisha upo upande wa kurudi, DNS ya kinyume: unaitajia namba, inakupa jina. Watu hudhani ni maandishi yale yale yanayosomwa mbele na nyuma. Sivyo. Ni maandishi mawili mbalimbali, mara nyingi yako mikononi mwa watu wawili wasiosalimiana, na hakuna kinachoyalazimisha yakubaliane. Kwetu sisi, upande wa kwenda ulitunzwa makao makuu, Lubumbashi. Upande wa kurudi ulikaa katika seva ndogo hapa Kamina, chini ya meza, karibu na betri za sola.

Ubovu wa upande wa kurudi haupigi kelele. Kuna wakati kila asubuhi programu ya uhasibu ilichukua muda mrefu kufunguka, hata mhasibu akawa anaifungua kwanza na kwenda kununua mikate ndipo arudi kuitumia. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha kompyuta, tukaisafisha seva vumbi. Mwisho nilikaa na kutazama seva inafanya nini wakati sisi tunangoja. Nayo ilikuwa inangoja: kila mashine ilipobisha hodi, ilitaka kujua jina lake, ikaliuliza kwa seva ya Lubumbashi ambayo ilikuwa imezimwa siku nyingi. Iliuliza, ikanyamaziwa, ikauliza tena, ikachoka, ndipo ikafungua. Niliielekeza iulize seva yetu ya chini ya meza, na programu ikafunguka papo hapo. Mhasibu alilalamika kwamba sasa hana nafasi ya mikate.

Wakati mwingine barua pepe zetu zilirudishwa na watu wa nje, kwa sababu namba yetu ya setilaiti haikuwa na jina upande wa kurudi, na seva zao zilitushuku kuwa matapeli. Hiyo huwezi kuitengeneza ukiwa hapa, kwa sababu namba ni mali ya aliyekukodisha. Unamwandikia, unamkumbusha, unamkumbusha tena. Hizo ndizo zilizokuwa shida zetu, na hakuna aliyelia kwa ajili ya hizo.

Sasa niwaambie habari ya Kabamba.

Mwaka ule vijiji vya upande wa Malemba-Nkulu vilikuwa vimekimbiwa kwa sababu ya watu wenye silaha, nasi tulipeleka unga na maharagwe kwa waliokimbia. Alhamisi moja malori matatu yaliingia barabara ya mtoni. Lori la mbele lilipigwa risasi. Madereva wawili wa nyuma waliruka na kukimbilia porini, wakarudi hai. Wa mbele, Mukalayi, alifia kwenye usukani.

Mukalayi alikuwa mtu wa Malemba mwenyewe. Alikuwa dereva aliyepangusa viatu kabla ya kupanda lori, kana kwamba anaingia nyumbani kwa mtu. Alimwoa Odette, binti wa askari aliyetoka jimbo la Équateur akaletwa kwenye kambi ya Kamina, akazaa na kuzeekea hapo. Odette aliuza samaki wa kukaanga karibu na kambi. Tulimzika Mukalayi siku ya jua kali, na mkurugenzi wetu alisimama kaburini mpaka watu wote walipoondoka. Nalisema hili ili msimwone kuwa mtu mbaya kwa yaliyofuata. Hakuwa analala. Alitaka kujua ni nani aliyewaambia wale watu njia na siku.

Alipekua barua zilizotoka ofisini juma lile. Katika akaunti ya usafiri, ambayo nusu ya ofisi ilijua neno lake la siri, alikuta barua fupi iliyotumwa Jumanne kwenda kwa anwani ya herufi tupu zisizounda jina, ambayo hakuna aliyeijua. Iliandikwa hivi: "Ni minyi. Tunapita Alhamisi asubuhi, njia ya mtoni, kamyo tatu. Mungojee ku kivuko. Ile kitu iko na minyi." Haikuwa na jina ila hilo minyi, na kila mtu ni mimi.

Aliisoma mara nyingi, kisha akafungua kumbukumbu za seva ya barua aone ilitoka kwenye mashine gani. Seva yetu, kwa kutaka kuturahisishia, haikuandika namba. Iliuliza upande wa kurudi, ikaandika jina. Iliandika: depo.

Depo, mashine ya ghala, ilikuwa ya Kabamba peke yake. Alikuwa mtunza ghala, mtu wa Kaniama, mpole, mwenye tabia ya kulipiga kila gunia kofi dogo linapompita. Yeye ndiye aliyepakia malori yale, akijua yana nini na yanakwenda wapi. Watu wa usalama walikuja wakamchukua.

Mimi nilikuwa Kaniama, juu ya mlingoti uliopigwa na radi. Niliporudi nilimkuta mke wa Kabamba amekaa getini petu na sahani ya bukari, ugali wetu, iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa ameipeleka kasho, kule mahabusu, wakamrudisha nayo. Hakuniomba chochote. Alitaka tu kujua kama kompyuta inaweza kusema uongo.

Nilimjibu kwamba nitaangalia.

Niliingia ofisini na kuuliza kwanza kwa upande wa kwenda: depo ni namba gani? Nikajibiwa, 41. Nikauliza kwa upande wa kurudi: 41 ni nani? Sikupata jina lolote. Nikauliza tena: 24 je, kwa maana nilikumbuka kwamba zamani depo ilikuwa 24. Nikajibiwa, depo. Nilikaa nikiyatazama majibu yale matatu. Ghala lilikuwa limehamia jengo jipya nyuma ya karakana, na Lubumbashi waliandika namba mpya upande wao. Upande wa kurudi haukuguswa. Namba 24 iliachwa bila mwenyewe ila na jina la zamani, na mashine nyingine ilikuwa imeichukua.

Nilikwenda ghalani na kuichomoa kebo ya Kabamba. Nikarudi na kuiita 24. Ikaitika. Nikaanza kwenda chumba kwa chumba, nikichomoa na kurudi kuita. Mhasibu aliniuliza natafuta nini, sikumjibu. Nilipochomoa kebo ya chumba cha madereva, ile kompyuta ya zamani iliyowekwa pale waandike ripoti za safari, 24 ikanyamaza.

Nilimwita mkurugenzi aje aone kwa macho yake, kwa maana jambo kama hili huwezi kumwambia mtu mwenye uchungu kwa maneno matupu. Nilituma barua ya majaribio kutoka kwa mashine ya Kabamba. Tukafungua kumbukumbu: ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu tupu, bila jina. Kisha nikatuma nyingine kutoka chumba cha madereva. Tukafungua: depo.

Aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akaketi na kusema kwa sauti ya chini kwamba Kabamba hana kosa. Moyo wangu ulianza kutulia. Lakini hakuwa amemaliza. Alisema kwamba basi aliyeandika ni dereva, na madereva walio hai ni wawili, na itabidi awaambie watu wa usalama wawaite wote wawili.

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimefurahia kupata namba, nikasahau kwamba mbele ya mashine hukaa mtu. Nilimwomba anipe siku moja. Alikubali, akasema moja tu.

Madereva wale niliwakuta karakanani wamekaa juu ya tairi. Niliwaeleza yote bila kuficha. Walitazamana, na mkubwa wao ndiye aliyeniambia. Jumanne ile Mukalayi aliwaomba wamsubiri kidogo, amwandikie dada yake ambaye ni muuguzi upande wa Malemba. Mama yao alikuwa na kisukari na dawa zilikuwa zimekwisha kule. Mukalayi alizinunua hapa mjini, akamwambia dada yake amlete mama kivukoni ili azitoe bila kulichelewesha lori. Ile kitu ilikuwa dawa. Niliwauliza kwa nini hawakusema tangu Kabamba alipochukuliwa. Dereva yule aliangalia mikono yake, akasema wangesemaje, mwenzao amezikwa juzi tu, watu waanze kusema ni yeye aliyewaita wauaji wake mwenyewe.

Niliwaamini. Lakini neno lao peke yake lisingetosha, maana wao ndio waliokuwa wanashukiwa sasa. Ilibidi kuonyesha kwamba ile anwani ya herufi ni ya dada yake. Na mtu aliyeweza kuonyesha hilo hapa Kamina alikuwa mmoja.

Nilimkuta Odette mbele ya kikaango chake, amefunga kitambaa cheusi. Wakati ule wanawake wenzake walikuwa wameshamwambia apumzike, naye alikuwa amewaambia samaki hawangoji. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Alinitilia maji nikanawa mikono, kwa kudhani nimekuja kula.

"Mama Odette, sikukuja kula," nilimwambia. "Kuna muntu iko mu kasho."

"Kabamba. Minajua. Bibi yake alipita hapa."

Nilimweleza habari ya namba na jina, kisha ya chumba cha madereva, kisha ya Jumanne. Alisikiliza akiendelea kugeuza samaki mmoja baada ya mwingine. Nilipofika kwenye dawa aliacha kugeuza. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyezifunga katika mfuko.

Nilimwomba kama ana barua yoyote ya wifi yake, nione anwani. Alikuwa nayo kwenye simu. Hakuitoa.

"Nikikupa hii telefone," aliniuliza, "batasema ni Mukalayi njo aliita bale bantu?"

Ningeweza kumwambia hapana. "Bamoja batasema," nilimjibu.

"Na weye, Mama Monga, unasema namna gani?"

"Minyi nasema aliandikia dada yake juu ya dawa ya mama. Kama bale bantu balijua njia kwa namna ingine, sijui. Hakuna mwenye anajua."

Samaki walikuwa wanaanza kuungua. Aliwatoa wote, akawapanga kwenye sinia, akafuta mikono kwa kitenge polepole sana, kidole kwa kidole. Kisha akatoa simu kifuani na kuniwekea mkononi.

"Utasoma weye," alisema. "Asisome muntu mwingine."

Kesho yake niliingia kwa mkurugenzi. Mtu wa usalama alikuwa ameketi pembeni na faili lake gotini. Niliweka ile barua ya Jumanne mezani, nikaweka simu kando yake, wakaona kwamba anwani ni moja. Mtu wa usalama alisema hilo linaonyesha barua ilimwendea nani, lakini si kwamba ilihusu dawa. Ndipo nikasoma barua ya mwisho ambayo dada yake Mukalayi alimwandikia Odette, Alhamisi ile mchana, kabla habari hazijawafikia. Niliisoma mimi, kama nilivyoagizwa.

"Yaya Odette, dada yangu, tuko hapa ku kivuko tangu asubuhi juu ya dawa ya mama. Kamyo hazijafika bado. Mama anakataa kurudi ku nyumba, tulimuletea kiti. Kama unapata habari ya kaka, utuambie."

Mkurugenzi alikwenda dirishani akasimama akitazama ua. Mtu wa usalama alifunga faili lake, akaomba gari la kwenda kumtoa mtu wetu.

Kabamba alirudi amekonda, na kikohozi ambacho hakikumwacha kabisa. Mkurugenzi alimwomba radhi mbele yetu sote, akashindwa kumaliza. Kabamba alimshika mkono, basi. Baada ya hapo alikuja kwenye chumba changu na kuniomba nimwonyeshe. Nilidhani anataka kuona barua. Hapana, alitaka kuuona ule mstari. Niliufungua: namba, alama kidogo, na neno depo. Mstari mmoja mfupi.

"Ni hii tu?" aliniuliza.

"Ni hii tu."

Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha nikaufuta mbele yake, nikaandika 41 kuwa depo na 24 kuwa madereva, nikauliza mbele na nyuma mpaka majibu yakakubaliana. Nikabadilisha pia seva ya barua, ikawa inaandika namba pamoja na jina. Mkihamisha mashine, andikeni pande zote mbili siku ile ile, kabla hamjanawa mikono. Na mtu akiwaletea jina lililotoka kwenye kumbukumbu za mashine, simameni, mwende mkachomoe kebo. Hilo ndilo lote ninaloweza kuwaachia la ufundi.

Watu walisema, kama nilivyomwambia Odette. Wachache, na si kwa muda mrefu. Wengine waliamini kwamba wale wenye silaha walikuwa barabarani siku zote na wangelipiga lori lolote. Mimi sikupata kujua, na nimeacha kutafuta.

Kabamba alirudi ghalani. Tangu siku hiyo alifanya kazi mlango ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha. Na barabara ya Malemba ilipofunguliwa tena, aliomba kupanda lori la kwanza. Mtunza ghala hana kazi kwenye malori. Mkurugenzi alitia saini bila kuuliza. Asubuhi ya safari nilimwona Odette getini, akimkabidhi mfuko mdogo uliofungwa vizuri. Alimwonyesha kwa kidole mahali pa kuuweka ili usipigwe na jua.

Aliporudi alinipitia kabla ya kwenda kwake, vumbi likiwa bado kwenye nyusi. Alisema alimkuta mama yake Mukalayi amekaa mbele ya nyumba, haoni vizuri tena. Alimpa dawa mkononi. Mama alimwuliza yeye ni nani, akamtajia jina lake. Akamwuliza kama alimjua mwanawe.

"Nilimwambia, minyi njo nilikuwa napakia kamyo yake," Kabamba alisema.

Mama yule alimshika mkono akamketisha kando yake, akaagiza aletewe bukari na samaki. Walikula pamoja katika sahani moja. Hakumwuliza jambo jingine, na Kabamba hakumwambia habari ya kasho.